Fremu yako haihitaji chuma kinene: jibu kwa anayejenga gari la michezo nyumbani

Swali, kwa ufupi: "Shikamoo, mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Coventry, Uingereza. Kwenye gereji ya nyuma ya nyumba najenga gari dogo la michezo la mtindo wa Lotus Seven. Injini, gia boksi, difu na breki natoa kwenye Mazda MX-5 ya 1994, ile ya 1.8. Fremu nimeichomelea kwa bomba za mraba za milimita 25 kwa 25, unene 1.6, na bado sijaipaka rangi. Rafiki mmoja ananishauri niikate nianze upya na bomba la unene wa milimita 3, ili gari lisijisokote. Mwingine anasema nitumie chuma cha kromoli, kile kilichochanganywa na kromu na molibdeni. Wa tatu anataka nitoboe matundu kila mahali kupunguza uzito. Nataka gari zima lisizidi kilo 550, na mfuko wangu si mnene. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Grenda iweke kando kwanza, fremu hiyo usiikate. Marafiki zako wanakutakia mema, lakini wote watatu wamelitazama bomba, hawajalitazama gari. Bomba la 1.6 ulilotumia linatosha kabisa. Kinachokusubiri sasa ni kuamua chuma na bati vikae wapi, na hapo ndipo magari mengi ya kujengwa nyumbani hupotea.

Tuanze na jambo moja ambalo huchanganywa kila siku. Uimara ni uwezo wa kitu kubeba mzigo bila kuvunjika wala kubaki kimepinda. Ukakamavu ni kukataa kwake kupinda au kusokoteka wakati mzigo ungalipo. Kitu kinaweza kuwa imara sana na bado kikawa kinanesa. Kromoli inashinda chuma cha kawaida kwa uimara, tena kwa mbali. Kwa ukakamavu haina cha ziada: vyuma karibu vyote, cha bei rahisi na cha bei kali, vina kipimo kilekile cha takriban gigapaskali 205 hadi 210, na uzito wake ni uleule. Fremu ya kromoli yenye umbo na vipimo vya fremu yako itasokoteka kwa kiasi kilekile. Faida yake ingekuja kama ungepunguza unene, na bomba lililo chini ya 1.6 ni gumu kulichomelea vizuri gereji ya nyumbani, tena likigongwa na jiwe linabonyea. Pesa ya kromoli ihifadhi, tutaitafutia kazi.

Alminiamu nayo watu huidhania vibaya. Uzito wake ni theluthi moja ya chuma, na ukakamavu wake vilevile ni theluthi moja. Ukibadilisha bomba la chuma kwa la alminiamu la vipimo vilevile umepoteza upande mmoja ulichopata upande wa pili. Alminiamu inalipa pale unapoitumia kwa umbo kubwa zaidi, au kama bati pana. Tutafika huko.

Sasa hilo bomba la milimita 3. La kwako lina uzito wa kilo 1.18 kwa mita, na la unene wa 3 lina kilo 2.07. Tuseme fremu yako imekula mita 40 za bomba: umeongeza kilo 36 kwa mkupuo mmoja, nusu ya mtu mzima. Na umepata nini? Upinzani wa bomba hilo dhidi ya kupinda umepanda kwa asilimia 58 tu, wakati uzito umepanda kwa asilimia 76. Linganisha na bomba la 40 kwa 40 lenye unene wa 1.5: uzito wake ni kilo 1.81 kwa mita, yaani chini ya lile la 25 kwa 3, lakini upinzani wake dhidi ya kupinda ni zaidi ya mara 2.6 ya lile. Chuma kikisogea mbali na kitovu kinafanya kazi kubwa zaidi, na kanuni hiyohiyo inatawala fremu nzima.

Kwa nini tunahangaika na kusokoteka hasa? Gari likiingia kona, uzito unahamia matairi ya nje. Kinachoamua kama pua itagoma kugeuka au mkia utachomoka ni namna mzigo huo ulivyogawanywa kati ya mbele na nyuma, na fundi huugawanya kwa springi na stabilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale upande. Lakini mbele na nyuma vinawasiliana kupitia fremu tu. Fremu ikiwa inasokoteka, inakuwa springi ya tano, tena springi isiyo na shokamzoba. Unaweka stabilaiza nzito mbele, unatoka kujaribu, gari halioneshi tofauti. Unalaumu matairi, kumbe fremu ndiyo inayomeza mabadiliko yako yote.

Huhitaji namba za kutisha, lakini. Lotus Elise ya 1996 ilikuwa na chasi ya alminiamu iliyogundishwa kwa epoksi, uzito wake kama kilo 68, na ukakamavu wa kusokotwa wa takriban nyutoni-mita 10,000 kwa kila nyuzi moja, yaani msokoto unaohitajika ili ncha moja ya chasi igeuke nyuzi moja kuliko nyingine. Hiyo ni kazi ya kiwanda chenye tanuri la kukaushia gundi. Gari lako jepesi, la springi laini za barabarani, linaridhika fremu ikiwa kakamavu mara tano hadi kumi kuliko suspensheni inavyopinga gari kulalia upande. Ukivuka hapo unaongeza uzito ambao dereva hataonja faida yake.

Chukua boksi la viatu, ondoa kifuniko, shika ncha mbili usokote: linalegea kama kitambaa. Rudisha kifuniko ukizungushie utepe, sokota tena. Karatasi ni ileile, mikono ni ileile, lakini sasa linakataa. Gari la wazi kama lako ni boksi lisilo na kifuniko, kwa sababu pale ambapo kifuniko kingekaa ndipo mnapokaa wewe na abiria wako. Injini nayo inahitaji uwazi wa juu ili iingie na kutoka. Kwa hiyo una mashimo mawili makubwa, moja nyuma ya jingine, na karibu kulegea kote kwa gari la aina hii kunatoka humo.

Tofauti kati ya umbo lililofungwa na lililo wazi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Bomba la duara la kipenyo cha milimita 50 na unene wa 1.5, ukilipasua mstari mmoja tu kwa urefu wake, bila kutoa hata gramu, linapoteza ukakamavu wa kusokotwa zaidi ya mara 700. Mstari mmoja wa msumeno! Ndiyo maana Mercedes-Benz walipotengeneza 300 SL, waliinua pande za fremu yao ya bomba juu kuliko kawaida ili wapate kina, na mlango ukakosa pa kufungukia ubavuni. Ukafungukia juu kama mbawa. Na ndiyo maana Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, mwaka 1962, aliacha fremu ya bomba kwenye Lotus 25 ya mashindano na kumlaza dereva ndani ya mwili wa bati la alminiamu ulioundwa kwa maboksi mawili yaliyofungwa, moja kila upande. Gari likawa jepesi kuliko lililotangulia na wakati huohuo kakamavu zaidi sana.

Wewe huwezi kuweka kifuniko juu ya kichwa chako, na pande za mtindo wa Seven ni fupi na nyembamba. Lakini kuna boksi moja tayari limo ndani ya gari lako na bado hulitumii: handaki la propela shafti, lile linalopita kati ya viti viwili.

Tulipigie hesabu. Tuseme handaki lako lina upana wa milimita 250 na kina cha 300, na urefu wake kutoka ukuta wa mbele wa chumba cha dereva hadi ukuta wa nyuma ya viti ni mita moja. Lifunike pande zote nne kwa bati la alminiamu la milimita 1.2. Kwa nadharia, boksi hilo peke yake lina ukakamavu wa nyutoni-mita 11,000 kwa nyuzi. Uzito wa bati lote? Kilo 3.6. Uhalisia utakupa pungufu ya namba hiyo, kwa sababu riveti zinacheza kidogo, wenzo wa gia unataka tundu lake, na kuta za mbele na nyuma haziushiki mwisho wa handaki kikamilifu. Hata ukipata robo, hakuna kilo tatu na nusu nyingine ndani ya gari hilo zitakazokulipa kiasi hicho.

Sharti lake ni moja, na wengi hulivunja: chini nako lazima kufungwe. Kwa kawaida handaki huachwa wazi chini ili propela shafti na gia boksi vitoke kirahisi. Ukiacha hivyo, unakuwa na lile bomba lililopasuliwa, na mchango wa bati hushuka karibu na sifuri; kinachobaki ni bomba za fremu zenyewe. Weka sahani ya chini inayofungwa kwa boliti za milimita 6, zikaribiane, kila sentimita 6 au 7, kwenye nati zilizochomelewa au zilizobanwa ndani ya bomba. Kuifungua itakuchukua muda wa chai moja. Tundu la gia lizungushie fremu ndogo ya chuma, na la breki ya mkono vivyo hivyo; tundu lisilozungushiwa kitu ndipo bati huanza kuchanika.

Jambo jingine kuhusu bati bapa: likiwa pana halafu likasukumwa kwa mshazari, linavimba mapema, na bati lililovimba limeacha kazi. Likunje mifereji midogo, au gundisha pembe nyembamba ya alminiamu katikati ya kila paneli ndefu. Ukigonga kwa kidole ukasikia limekaza, umefika.

Handaki haliwezi kufanya lolote kama ncha zake zinaning'inia. Msokoto unatoka kwenye suspensheni ya mbele, unapita ukuta ulio kati ya injini na miguu yako, unaingia handakini, unatoka ukuta wa nyuma ya viti, unafika suspensheni ya nyuma. Kila ukuta kati ya hiyo lazima uwe paneli kamili, iliyoshikwa kingo zote, au uwe na bomba la mshazari. Ukuta wa nyuma ya viti ni rahisi, ufunge wote. Wa mbele una pedali, stelingi, nyaya na mabomba ya hita. Panga matundu yako mapema, yawe machache na ya duara, yasikaribie kona.

Sasa chumba cha injini. Chini yake weka bomba la mshazari, au mawili yanayokutana kama herufi K, ukiacha nafasi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Pande zote mbili ziwe na pembetatu. Upande wa ekzosi utakusumbua, na hapo ni bora kulipinda ekzosi kuliko kulitoa bomba la mshazari. Juu, tengeneza kiunzi cha kufungua: bomba mbili zinazotoka kona za ukuta wa mbele ya miguu na kukutana karibu na suspensheni ya mbele. Kiunzi hicho kitazaa matunda iwapo boliti zake hazina mwanya. Tundu la milimita 8.5 lenye boliti ya 8 lina nusu milimita ya kucheza, na ndani ya nusu milimita hiyo fremu inasokoteka bila kiunzi kujua. Chomelea bushi nzito kwenye bomba, zisafishe kwa rima, kifaa cha kusawazisha matundu kwa kipimo kamili, ziingie boliti kwa kubana. Bomba lisibanwe moja kwa moja na boliti bila bushi, litabonyea na kulegea.

Injini yenyewe usiitegemee. Kwenye Lotus 49 ya 1967 injini ya Cosworth ilikuwa sehemu ya chasi, suspensheni ya nyuma ikaning'inizwa kwayo, lakini ilibuniwa hivyo tangu mwanzo. Ya Mazda imekaa juu ya mpira, na iache ikae hivyo.

Kwa paneli nyingine, swali linakuja kila mara: bomba la mshazari au bati? Chukua uwazi wa milimita 700 kwa 400. Bomba la mshazari la vipimo vyako lina uzito wa gramu 950 hivi. Bati la alminiamu la 1.2 linaloziba uwazi huo wote lina gramu 910. Uzito sawa, lakini bati ungelihitaji hata hivyo ili maji na vumbi visiingie. Kwa hiyo sakafu, kuta na pande za ndani, bati. Uwazi ambao lazima ubaki uwazi, bomba. Sakafu ya chuma cha milimita 1.2 iliyochomelewa ni kakamavu, ndiyo, lakini ina kilo 9.4 kwa kila mita ya mraba dhidi ya 3.2 za alminiamu. Chini ya visigino vya dereva weka kipande cha ziada, sehemu nyingine bati jepesi linatosha.

Namna ya kulishika bati hilo nataka uitilie maanani kuliko kitu kingine chochote katika barua hii. Watu hununua gundi ya polyurethane ya kuzibia bodi, wanaipaka, wanapiga riveti chache na kuondoka. Gundi hiyo inabaki laini kama mpira daima. Inazuia maji na kelele vizuri, lakini ukakamavu unabaki mikononi mwa riveti peke yake. Tumia epoksi ya miundo, ile ya sehemu mbili. Bomba lisugue mpaka chuma king'ae kwenye mstari wa gundi au juu ya praima ya epoksi iliyoshika vizuri, alminiamu isugue kwa sandapepa kisha uifute kwa asetoni, na usiiguse tena kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuiharibu. Paka, bandika, piga riveti za milimita 4 kila sentimita 5 kuzunguka kingo zote. Riveti kazi yake ni kubana wakati gundi inakauka, na baadaye kuzuia bati lisianze kubanduka kutoka ukingoni. Turudi kwenye handaki: likipokea msokoto wa nyutoni-mita 1,000, kila riveti ya nafasi hiyo inaona takriban nyutoni 335, kama mzigo wa kilo 34. Riveti nzuri ya milimita 4 haitoki jasho kwa hilo.

Gundi inakufanyia kazi ya pili: inatenganisha alminiamu na chuma. Vikigusana vikiwa vitupu, chumvi inayomwagwa barabarani huko Uingereza wakati wa baridi itaila alminiamu kuanzia kwenye riveti. Utaona unga mweupe, halafu tundu. Kwa hiyo gundi ienee upana wote wa bomba, na ikitokeza pembeni usiifute yote.

Upinde wa kinga wa nyuma ya vichwa vyenu usiuone kama pambo. Chukua bomba lisilo na mshono la 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2, vipimo ambavyo FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, inavikubali kwa upinde mkuu, uweke mshazari ndani yake na miguu miwili ya kurudi nyuma. Miguu hiyo ikitua pale suspensheni ya nyuma inaposhika fremu, utapata usalama na ukakamavu kwa chuma kilekile. Ikitua katikati ya bomba, haitakusaidia kwa lolote.

Tuje kwenye uzito. Rafiki wa matundu tumpe hesabu yake. Tundu la milimita 12 kwenye ukuta wa bomba la 1.6 linatoa gramu 1.4. Toboa matundu mia moja, umeokoa gramu 142, pungufu ya petroli ya kujaza kikombe cha chai. Na umepata matundu mia moja ya kuingiza maji, kila moja ni mahali pa kuanzia ufa. Matundu yana heshima yake kwenye bati, yakiwa na ukingo uliokunjwa, kwa mfano kwenye mabano ya taa. Kwenye bomba za fremu, usithubutu.

Uzito wa kweli umekaa kwenye vitu ambavyo havijaingia garini bado. Nunua mzani wa kuning'iniza, na kila kitu kabla hakijafungwa kipime ukiandike. Kiti cha Mazda chenye reli na mgongo wa kulala ni kizito. Ganda la fiberi lililofungwa moja kwa moja sakafuni lina kilo 4 au 5. Betri ya risasi ina kilo 12 hadi 15, ya lithiamu-fosfeti ya chuma ina 3 au 4, mradi uiweke mbali na joto la injini na ukague kwamba alteneta yako inatoa volti zinazokubalika nayo. Wayaringi wa Mazda ufungue mezani, vuta kila waya ambao hauendi popote: redio, vioo vya umeme, taa za kuinuka, mifuko ya hewa kama ipo. Unapomaliza utashangaa lundo lililobaki sakafuni. Tangi la lita 30 badala ya 45 linaokoa kilo 11 za petroli likijaa. Hita yenyewe, hilo ni la kwako na mke wako kuamua. Mimi ningeibakisha kwa baridi ya Coventry.

Kwenye magurudumu ningeomba unisikilize. Rimu za asili za inchi 14 za Mazda hiyo ni miongoni mwa nyepesi zilizowahi kutoka kiwandani. Ukienda inchi 17 kwa ajili ya macho ya watu, umeongeza uzito mahali pabaya kuliko pote, nje ya springi na kwenye kitu kinachozunguka. Breki vilevile: diski za mbele za MX-5 ya 1.8 ni milimita 255, na zilitengenezwa kusimamisha gari la karibu tani moja. Lako litakuwa na kilo 600 hivi; kwa nini si 550, nitakueleza chini. Huna haja ya kalipa kubwa za mashindano, unahitaji pedi nzuri na kugawanya nguvu ya breki upya kati ya mbele na nyuma, kwa sababu uzito wa gari umehama.

Vipo visivyoguswa. Mikono ya suspensheni, stelingi, pedali ya breki na mabano yake, pa kushikia mikanda, upinde wa kinga: hapo hatupunguzi gramu hata moja, na boliti ziwe za daraja 8.8 au 10.9 zenye alama yake kichwani. Mkaguzi wa IVA, ule ukaguzi wa Uingereza wa kuidhinisha gari mojamoja kama lako, atavitazama hivyo kwanza, na ana haki.

Kuhusu kilo 550, nitakuwa mkweli kwako. Bloku ya injini hiyo ni ya chuma cha kusubu, si alminiamu, na gia boksi na difu havipungui kwa maombi. Ukifanya niliyoandika hapa kwa uangalifu, kilo 600 ni lengo la haki. Hizo 50 zinazobaki utazinunua kwa bei kali: fiberi ya kaboni, injini nyingine, rimu za magnesi. Kwa farasi 130 hivi za injini yako, kilo 600 zinakupa farasi 217 kwa kila tani, wakati MX-5 yenyewe ikiwa nzima ilikuwa na kama 130. Mguu wako hautalalamika.

Kabla ya bati, kabla ya rangi, pima fremu ilivyo sasa. Funga suspensheni ya nyuma, pande zote mbili, kwenye stendi nzito zilizobanwa sakafuni. Mbele, fremu ikae juu ya chuma cha pembe kimoja tu, katikati kabisa, iweze kuyumba kushoto na kulia. Funga boriti ya mita 2 kukatisha mbele, pale mikono ya suspensheni inaposhika. Weka magogo chini, endapo kitu kitateleza, na mtu asiingie chini ya fremu. Kwenye sehemu nne, yaani mbele, ukuta wa miguuni, ukuta wa nyuma ya viti na nyuma kabisa, bana fimbo nyepesi iliyonyooka inayotokeza milimita 500 kila upande kutoka katikati, na geji ya saa, kipimo chenye mshale kinachosoma msogeo mdogo sana, chini ya kila ncha. Ning'iniza kilo 10 kwanza ili mianya yote ijifunge, kisha rudisha geji sifurini. Halafu ongeza mifuko miwili ya saruji ya kilo 25, mita moja kutoka katikati. Huo ni msokoto wa nyutoni-mita 490.

Tuseme mbele, ncha moja imeshuka milimita 2 na nyingine imepanda 2. Jumla ni 4 katika milimita 1,000, sawa na nyuzi 0.229. Gawanya 490 kwa 0.229 unapata nyutoni-mita 2,140 kwa nyuzi. Ukiona geji za nyuma kabisa nazo zimesogea, toa kiasi hicho, maana ni stendi zinazocheza. Lakini tamu ya kipimo hiki ni tofauti kati ya sehemu na sehemu. Kama katika hizo milimita 4, mbili na ushee zinatokea kati ya ukuta wa viti na ukuta wa miguuni, na 1.3 chumba cha injini, unajua pesa ya kromoli iende wapi. Ukipenda kujaribu kwenye kompyuta kabla ya kukata bati, programu ya FreeCAD ni ya bure na inaweza kupiga hesabu za fremu ya bomba. Ukiipata ikakubaliana na geji zako, unaweza kuiamini kwa mabadiliko yanayofuata.

Rudia kipimo baada ya kufunga handaki, na mara nyingine kiunzi cha juu ya injini kikiwa kimefungwa. Springi usinunue bado. Za Mazda zimepimwa kwa gari lingine kabisa, na springi sahihi utazijua gari likishakaa juu ya mizani minne, wewe ukiwa kitini na petroli nusu tangi. Niandikie namba za geji zote nane, na upana na kina halisi cha handaki lako, tuangalie pamoja bati la chini likatwe wapi kwa ajili ya gia boksi.